Uingereza na pesa ya joto kwa wazee: tuwapime kwa fomu au tuwatoze kwa kodi?

Dada wa Tanga

Wakuu, habari za jioni. Ubishi juu ya serikali ya Uingereza na wazee wake umekuwa mkubwa, huyu anasema wazee wanaonewa, yule anasema wanadekezwa. Nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, na msimamo wangu nautoa mapema: ukimsaka mzee maskini kwa fomu, utamkosa. Mpe kila mzee, kisha mwenye nacho mdai kupitia kodi.

Nahudumia wazee majumbani hapa Leicester, huu mwaka wa saba. Kuna bibi naenda kwake kila asubuhi kwa nusu saa: namwogesha, namvisha, nampikia uji wa shayiri, nampa vidonge vyake. Ana miaka 84. Alizaliwa Jinja, Uganda, na mwaka 1972 Amin alipowafukuza Wahindi alikuja hapa na mume, mtoto mmoja na sanduku moja. Mwaka ule halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Wakaja. Yeye akaingia kiwanda cha soksi, akafanya kazi hadi alipostaafu akiwa na miaka 60, na kila wiki bima ya taifa, ule mchango unaojenga haki ya pensheni, ilikatwa kwenye mshahara wake. Kiswahili chake ni kile cha dukani Jinja na hakijafutika. Siku ya kwanza aliposikia natoka Tanga alinishika mkono hakutaka kuuachia.

Januari 2025 niliingia saa mbili kasoro asubuhi nikamkuta jikoni amevaa koti la kutokea, kofia ya sufu na soksi mbili mbili, chupa ya maji moto iko mapajani, imeshapoa. Sebule ameifunga, ameweka taulo chini ya mlango. Hita zote zimezimwa. Mita yake ya gesi ni ya kulipia kabla, mambo ya LUKU, ila hii unajaza kwa kadi dukani. Kioo kilisoma pauni 1 na peni 12, na kila siku inakata ada yake hata usipowasha kitu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kuanzia ncha hadi fundo la kati. Nilivifumbata viganjani mwangu, nikavipuliza, nikavisugua, mpaka akaweza kushika kikombe mwenyewe. Katika ile nusu saa yangu, dakika kumi ziliishia hapo.

Nikamwuliza mbona hujawasha, mama? Akasema: "Zile mia tatu hazikuja, mwanangu. Nangoja jua la mchana."

Kwa wasiojua hizo mia tatu ni zipi. Gordon Brown alipokuwa Waziri wa Fedha mwaka 1997 alianzisha malipo ya kuwasaidia wazee na gharama za joto wakati wa baridi. Msimu wa kwanza ilikuwa pauni 20 tu kwa kaya nyingi, na 50 kwa zile za kipato cha chini. Baadaye ikafika 200 kwa kaya, na 300 kama kuna mtu wa miaka 80 kwenda juu. Kipato hakikuulizwa, pesa zilijiingiza zenyewe benki. Tarehe 29 Julai 2024, wiki chache baada ya chama cha Labour kuingia madarakani, Waziri mpya wa Fedha, Rachel Reeves, alisimama bungeni akasema amekuta pengo la pauni bilioni 22 kwenye hesabu za serikali, na kwamba kuanzia msimu huo pesa ya joto itawaendea tu wanaopokea Pension Credit, ile nyongeza ya pensheni kwa wazee wa kipato cha chini, na misaada mingine michache. Tarehe 10 Septemba hoja ya kumzuia ilishindwa bungeni kwa kura 348 dhidi ya 228. Karibu watu milioni kumi wakaondoka kwenye orodha.

Mstari wa kipato wa ile nyongeza kwa anayeishi peke yake ulikuwa pauni 218.15 kwa wiki. Bibi, ukijumlisha pensheni ya serikali na kile kipande cha pensheni ya kiwandani alichoachiwa na marehemu mumewe, alikuwa na 222. Amezidi kwa 3.85. Zidisha kwa wiki 52 unapata pauni 200. Yaani kwa kosa la kuwa na 200 za ziada kwa mwaka mzima, alinyimwa 300. Na ile nyongeza hufungua milango mingine: kodi ya halmashauri hupungua, aliyevuka miaka 75 halipi leseni ya televisheni, bili ya umeme hukatwa 150. Aliyezidi mstari kwa bei ya mkate na maziwa, milango hiyo haimfungukii yenyewe.

Halafu kuna kodi kwenye joto lenyewe. Serikali ya chama cha Conservative iliweka VAT ya asilimia 8 kwenye gesi na umeme wa majumbani Aprili 1994, ikataka kuipandisha hadi 17.5, wabunge wakaikatalia Desemba mwaka ule ule. Labour ilipoingia 1997 ikaishusha hadi 5, na hapo ndipo ilipo. Bibi analipa asilimia 5 ile ile anayolipa tajiri mwenye bwawa la maji ya moto nyuma ya nyumba. Kwenye kumtoza hakuna anayemwuliza kipato. Kwenye kumpa ndiyo anapimwa hadi peni ya mwisho. Hilo ndilo linaloniuma.

Mei 2025, baada ya Labour kuchapwa kwenye chaguzi za mitaa, Waziri Mkuu Keir Starmer akasema atalegeza. Tarehe 9 Juni Reeves akachora mstari mpya: pauni 35,000 kwa mwaka. Kila mzee anapewa, kisha aliyezidi hapo mamlaka ya kodi inazichukua zote. Huu mfumo wa pili naukubali, ingawa una matundu. Karibuni tujadili.

Mchapakazi Coventry

Dada, pole na kazi, na Mungu akulipe kwa vidole vya huyo mama. Lakini niruhusu nipingane nawe, maana mimi ndiye ninayelipa.

Niko ghala la usafirishaji, zamu za usiku. Nikipokea hati ya mshahara kodi ya mapato imeshakatwa, na bima ya taifa asilimia 8 imeshakatwa. Kabla ya hapo, ili nipewe viza, nililipia ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, kwa mkupuo. Kwenye kibali changu imeandikwa kwamba sina haki ya msaada wowote wa fedha za umma. Nikiugua wiki tatu, nikipunguziwa zamu, hilo ni langu na Mola wangu. Chumba changu kina ukungu kwenye dari na mimi pia siwashi hita. Hakuna mbunge aliyesimama kunililia.

Mwenye nyumba wangu ana miaka 71 na nyumba nne. Hadi 2023 alikuwa anapokea hiyo pesa ya joto kama kila mtu, aliniambia mwenyewe, na huinunulia mvinyo wa Krismasi. Sasa niambieni, kwa haki ipi mimi wa ghala nimlipie yeye mvinyo? Pensheni zao zinalindwa na kufuli tatu: kila Aprili zinapanda kwa kufuata bei, au mishahara, au asilimia 2.5, lolote lililo kubwa zaidi. Mshahara wangu hauna kufuli hata moja. Kupima kipato ni haki. Kama mstari uliwekwa vibaya, usogezwe. Kuwapa wote ni kumtumikisha kijana.

Mkunazini

Swali dogo kutoka Unguja. Hapa tuna Pensheni Jamii tangu Aprili 2016: ukifika miaka 70 na ni mkaazi, unapewa. Ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikawa 50,000. Huulizwi kipato. Bi mkubwa wangu anakwenda kuchukua yake na shoga zake, wamevaa vizuri, hawaoni haya, maana anakwenda mke wa fundi na anakwenda mama wa mwalimu mkuu. Ingekuwa ni ya mafukara peke yao, yeye namjua, asingekwenda. Angesema wapewe wenye shida.

Nchi tajiri kama hiyo imeshindwaje kuliona hili?

Hesabu Safi

Naomba niingie na namba. Mimi ni mhasibu, nipo Reading, nawajazia watu marejesho ya kodi mwaka wa kumi na mbili huu.

Kaka wa Coventry ana hoja nzito, ila nadhani anamwelekezea kidole mtu asiye sahihi. Chukua watu watatu wa mtaa mmoja, kila mmoja anaingiza pauni 30,000 kwa mwaka. Wa kwanza anafanya kazi ghalani. Wa pili ni mstaafu. Wa tatu hafanyi kazi, anaishi kwa kodi za nyumba anazopangisha. Wote hawatozwi kwenye 12,570 za mwanzo. Kwenye 17,430 zinazobaki, wote wanalipa kodi ya mapato asilimia 20, ambayo ni 3,486. Mfanyakazi peke yake anaongezewa bima ya taifa ya 1,394. Jumla yake 4,880. Wale wawili wanabaki na 3,486.

Bima ya taifa haimgusi mstaafu aliyefikia umri wa pensheni hata akirudi kazini, na haigusi pango wala gawio la hisa. Inagusa jasho tu. Kwenye bajeti ya Novemba 2025 Reeves ameongeza pointi mbili kwenye mapato ya pango kuanzia Aprili 2027, kwa hiyo yule mwenye nyumba atalipa 22 badala ya 20. Nimemkokotolea: karibu 3,835. Bado mfanyakazi anamzidi kwa zaidi ya pauni elfu moja, na wote wameingiza pesa ile ile.

Kwa hiyo kaka, kinachokuuma wewe ni huo mwanya, na bibi wa Leicester hana mkono wowote ndani yake. Akinyimwa zile 300 mwanya unabaki pale pale.

Kuhusu mstari wa 35,000: ni ukuta, hauna ngazi. Mstaafu wa miaka 70 anayeishi peke yake na ana 35,000 kamili anabaki na 200 zake. Akipata riba ya pauni 10 benki, zote 200 zinachukuliwa. Tena wanaangalia mtu, hawaangalii kaya. Mume na mke wenye 34,500 kila mmoja, nyumba ina 69,000, wanabaki na pesa yote. Jirani mwenye 36,000 anayemlisha mke asiye na chochote ananyang'anywa sehemu yake. Mimi ningefanya jambo rahisi: pesa ya joto iingizwe kwenye mapato yanayotozwa kodi. Sasa hivi haitozwi kabisa. Ikitozwa, mzee aliye chini ya 12,570 anabaki na 200 zake. Wa asilimia 20 anabaki na 160, wa 40 anabaki na 120. Hakuna ukuta, hakuna fomu mpya, namba zote mamlaka ya kodi inazo tayari.

Mchapakazi Coventry

Hesabu Safi, nashukuru kwa kunikokotolea, sikuwahi kuiona hivyo. Lakini kwenye mpango wako tajiri wa asilimia 40 bado anaondoka na 120. Kwa nini? Hii 35,000 angalau inazichukua zote.

Hesabu Safi

Ni bei ya kutomkosa mtu. Naomba unikatalie kwa hoja, lakini hiyo 120 mimi naiona ndogo kuliko gharama ya kumtafuta nani ni nani. Serikali yenyewe ilisema mfumo wa 35,000 unaokoa takriban pauni milioni 450 ukilinganisha na kuwapa wote. Milioni 450 kwenye bajeti ya nchi ile ni kidogo. Funga mwanya wa pango na faida ya kuuza mali, ambayo kiwango chake cha juu ni asilimia 24 wakati mshahara wa juu unatozwa 45 pamoja na bima, utapata nyingi kuliko hizo bila kumgusa aliyekaa na kofia jikoni kwake.

Mchapakazi Coventry

Kwenye pango tumeelewana. Kwenye 120 bado nakataa.

Dada wa Tanga

Kaka Mchapakazi, nakusoma na sikubezi. Ukungu kwenye dari naujua, nimeishi nao miaka mitatu. Hiyo ada ya afya nami nimeilipa.

Ila neno "mstari usogezwe" nataka ulione kwa karibu. Mstari wowote wa fomu una mtu wa kuijaza. Vuli ya mwaka 2024 serikali iliwahimiza wazee waombe ile nyongeza kabla ya tarehe 21 Desemba ili wasikose pesa ya joto. Fomu ya karatasi ilikuwa na maswali 243. Nina mzee mwingine, mwanamume, fundi mabomba wa zamani, Mwingereza wa hapa hapa. Nilikaa naye Jumapili mbili, nje ya saa zangu za kazi. Walitaka tarehe aliyofungua akaunti ya akiba. Walitaka kujua kama kuna mtu mwingine anaishi humo, na mkewe amefariki mwaka uliotangulia, kwa hiyo swali lile lilimfanya aweke kalamu chini. Tukafika ukurasa wa akiba. Ukiwa na zaidi ya pauni 10,000, kila 500 inayozidi wanaihesabu kama una pauni moja ya mapato kila wiki. Yeye ameweka 11,400, za mazishi yake na za kaburi karibu na mkewe. Akanitazama akasema hizo si akiba, hizo zina mwenyewe. Akaikunja fomu, akaitia kwenye droo ya vijiko. Ninavyojua mimi bado iko humo.

Takwimu za serikali zenyewe zilikuwa zinaonyesha kaya zaidi ya laki saba zenye haki ya nyongeza hiyo ambazo haziiombi. Hao hawadanganyi na si wavivu. Ni watu waliolelewa waone kuomba ni aibu. Ndugu yangu wa Mkunazini amelisema vizuri kuliko mimi.

Na kuhusu wazee kuwa na nyumba zao: ndiyo, bibi anamiliki kale kanyumba ka safu walikokanunua na mumewe. Tofali halikatiki ukalipeleka dukani kujazia kadi ya gesi.

Babu wa Likoni

Nawasalimu nyote. Nimeombwa na mjukuu nisome haya, nami nina langu.

Nilifanya kazi London miaka zaidi ya thelathini, nyingi nikiwa dereva wa basi. Nilianza kupokea pensheni, kisha mwaka 2009 nikarudi nyumbani Mombasa, maana magoti yalikuwa yamekataa ile baridi mnayoizungumzia. Mwaka ule kiwango kamili cha pensheni ya msingi kilikuwa pauni 95.25 kwa wiki. Mwaka wa 2025/26 aliyebaki kule kiwango chake kilikuwa 176.45. Mimi changu kinahesabiwa kwa bei ya 2009, na hakitapanda mpaka nizikwe. Hizo kufuli tatu zilibaki uwanja wa ndege. Ningehamia Marekani, Jamaika, Mauritius au Ufilipino ingekuwa inapanda, kwa sababu nchi hizo zina makubaliano na Uingereza. Kenya haina, Tanzania haina. Wazee wa aina yangu duniani ni zaidi ya laki nne, wengi wako Australia na Kanada.

Siombi pesa ya joto, hapa joto lipo la kutosha. Nasema hivi: bima yangu ilikatwa asilimia ile ile na ya mwenzangu tuliyekaa naye karakana moja. Mkijadili kodi ya haki, msiangalie tu nani anatoa. Angalieni pia aliyekwisha toa.

Dada wa Tanga

Shikamoo babu. Nashukuru umeandika. Hili la nchi zisizo na makubaliano sikulijua, na nina shangazi anayejiandaa kurudi Tanga mwakani. Nitampigia leo leo.

Mama Glasgow

Poleni kwa kuchelewa. Huku Scotland tuna malipo yetu wenyewe, msimu wa 2025/26 yalikuwa 203.40, na 305.10 kwa waliovuka 80, wanapewa wote na wa zaidi ya 35,000 wanarudisha. Hilo halijanileta hapa.

Dada wa Tanga, nimesoma habari ya huyo bibi mara mbili. Ana miaka 84, anaishi peke yake, anaogeshwa na kuvishwa. Je, aliwahi kuomba posho ya uangalizi, ile inayoitwa Attendance Allowance? Maana hiyo haipimi kipato kabisa. Inaangalia tu kama mtu aliyefikia umri wa pensheni anahitaji kusaidiwa mwili wake, na hali hiyo iwe imedumu miezi sita. Mwaka wa 2025/26 ilikuwa 73.90 kwa wiki, na 110.40 kwa anayehitaji mtu mchana na usiku.

Sasa sikiliza vizuri. Mtu anayepata posho hiyo, anaishi peke yake, na hakuna anayelipwa posho ya mlezi kwa ajili yake, mstari wake wa nyongeza ya pensheni unapanda. Mwaka wa 2025/26 mstari wa kawaida ulikuwa 227.10. Kwake uliongezwa 82.90, ukawa 310. Na posho yenyewe haihesabiwi kama mapato. Kama bibi ana 230 na kitu, basi hajazidi mstari. Yuko chini yake, tena mbali.

Nafanya kazi ya kuwasaidia watu na fomu hizi kwa kujitolea. Naliona kila mwezi. Usichelewe, inahesabiwa tangu siku mliyoomba, hairudi nyuma.

Dada wa Tanga

Mama Glasgow, nimesoma ujumbe wako nikiwa kwenye basi nikashuka kituo kisicho changu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mimi mwenyewe sikujua, na namwogesha kila siku. Kesho.

Hesabu Safi

Mama Glasgow, ahsante sana. Mimi nilikuwa nimekazana na kodi nikalipita hili. Wenye wazazi huku, someni ujumbe wake mara ya pili. Ile nyongeza ya pensheni, tofauti na posho, inaweza kulipwa nyuma hadi miezi mitatu kama mtu alikuwa na haki kipindi hicho.

Dada wa Tanga

Wakuu, narudi baada ya wiki kumi.

Tuliomba. Fomu ya posho ni ndefu, nilimjazia jioni tatu, yeye akinihadithia Jinja kila tulipofika kwenye swali la kumwaibisha, kama lile la chooni. Majibu yalikuja wiki iliyopita: amepewa ile ya 73.90. Jana tumepiga simu ya nyongeza ya pensheni na aliyepokea amekokotoa kwa mstari wa 310, kama Mama Glasgow alivyosema. Itakuwa karibu 79 kwa wiki, za kujazia kipato chake hadi hapo. Ukijumlisha zote mbili ni zaidi ya 150 kila wiki. Na ile 300 ya joto ya msimu huu iliingia yenyewe kabla ya Krismasi, bila fomu, bila simu.

Kaka Mchapakazi, najua hukubaliani nami kwenye mambo mawili matatu, na nakuheshimu. Ila tazama: Januari ile nilipomkuta na kofia jikoni, sheria ya kupima kipato ilishasema msaada uende kwa wazee wenye shida. Yeye alikuwa mmoja wao kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo, kama kuna mtu angemwonyesha fomu mbili na namna ya kuziunganisha. Akakosa. Iliyomfikia ni ile aliyopewa kila mtu.

Mchapakazi Coventry

Dada, kwa huyo bibi nimefurahi kutoka moyoni. Na nakubali kwamba kama lazima kuwe na mstari, bora uwe kwa watu wa kodi, wenye namba zetu zote, kuliko kwenye karatasi ya maswali 243. Mwenye nyumba wangu ana zaidi ya 35,000, kwa hiyo za msimu huu watazichukua zote. Nitakayoendelea kuipigia kelele ni ile 1,394 ya Hesabu Safi. Nimeibandika kwenye friji.

Dada wa Tanga

Ibandike, na mimi nitapiga kelele pamoja nawe.

La mwisho kutoka kwangu. Leo asubuhi nilimweleza bibi taratibu, kwa Kiswahili, hesabu yote tangu mwanzo. Hita ya jikoni ilikuwa imewashwa, ya sebuleni bado, taulo bado liko chini ya mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kopo la biskuti anamoweka karatasi zake, akatoa risiti za gesi za baridi iliyopita, amezipanga kwa tarehe na kuzifunga kwa mpira. Tano tano, kumi, tano. Akaniuliza: "Na ya mwaka ule je? Wataileta lini?"

Nilimwambia haitakuja. Akazifunga tena na mpira, akazirudisha kopani.